Santuri nne za Maurice Gendron: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Ami yangu alikuwa baharia, akaishi miaka mingi Marseille, na alipofariki aliniachia sanduku la santuri. Nne kati yake zina jina la Maurice Gendron. Ya kwanza ni ya Schubert, selo na piano. Ya pili ina koncheto za Haydn na Boccherini. Ya tatu ni trio ya Schubert, namba D 929, akiwa na Yehudi na Hephzibah Menuhin. Na ya nne ni za Bach, selo peke yake. Kamusi ya muziki niliyoazima inamwita mpiga selo na kiongozi wa okestra, lakini kwenye majalada haongozi chochote, na ile ya koncheto inasema anayeongoza ni Pablo Casals. Alikuwa nani hasa, nianze na ipi, na nizichezeje bila kuziharibu?

Jibu:

Ndugu msomaji, kwanza pokea pole kwa kufiwa na ami yako. Pili, nikupe hongera, kwa maana mtu aliyeweka santuri hizo nne katika sanduku moja hakuwa akiokota chochote kilichopita mbele yake. Alikuwa akimfuata mwanamuziki mmoja kwa makusudi.

Kamusi yako haikukosea, ila imeweka maneno mawili sawasawa kama kwamba yana uzito mmoja. Gendron alikuwa mpiga selo, na sifa yake yote duniani ilitokana na selo. Uongozi wa okestra aliusomea kwa walimu wakubwa, aliufanya kwa miaka kadhaa, na hakupata nao jina kubwa. Hata hivyo sikushauri uuweke kando, kwa sababu kwa maoni yangu mafunzo yale yanasikika katika santuri zako, hasa mbili za Schubert, kuliko yanavyosikika mahali pengine popote.

Alizaliwa Nice, kusini mwa Ufaransa, tarehe 26 Desemba 1920. Baada ya masomo ya awali mjini kwao alikwenda Paris kusoma Conservatoire, chuo cha muziki, katika darasa la Gérard Hekking, na jina hilo linastahili kusimamiwa kidogo. Hekking hakuwa mwalimu aliyekulia darasani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mpiga selo wa kwanza wa okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, na alijua vizuri tofauti kati ya sauti inayopendeza chumbani na sauti inayofika kiti cha mwisho cha ukumbi. Katika darasa lake alipita pia Paul Tortelier, aliyemzidi Gendron kwa miaka sita. Vita Kuu ya Pili ilimkuta Gendron akiwa kijana, na wakati Wajerumani wakiikalia Ufaransa alijiunga na mapambano ya siri dhidi yao.

Mlango wake wa kimataifa ulifunguka London mwezi Desemba 1945, miezi michache tu baada ya vita kwisha. Hapo alipiga koncheto ya selo ya Prokofiev, opus 58, yaani utungo wa selo moja mbele ya okestra, pamoja na London Philharmonic chini ya uongozi wa Walter Susskind, na ndiyo ikawa mara ya kwanza utungo huo kusikika Ulaya Magharibi. Ulikuwa umeshapigwa Moscow mwaka 1938 bila kupokelewa vizuri, na baadaye Prokofiev mwenyewe aliuvunja na kuusuka upya, ukawa ile Sinfonia-Koncheto inayojulikana zaidi leo. Kijana wa miaka ishirini na minne kuchagua utungo mgumu, mgeni na wenye bahati mbaya ili ajitambulishe kwa mji mkuu wa Uingereza ni jambo linalotueleza tabia yake: hakupenda kupita njia iliyokwisha kukanyagwa.

Ufaransa ya miaka ile ilikuwa na utajiri wa wapiga selo ambao nchi chache zimewahi kuupata kwa wakati mmoja. Alikuwapo Pierre Fournier, mwenye sauti laini na adabu ya kiungwana. André Navarra, mwenye mkono mzito na sauti ya kiume. Tortelier, aliyepiga kama mtu anayehubiri. Na Gendron, mdogo wao wote. Ukitaka kumtofautisha na wenzake hao, sikiliza mkono wake wa kulia. Upinde wake ni mwepesi, unagusa uzi na kuondoka bila kuukandamiza, na kwa hiyo sauti huanza kwa usafi kama mtu anayetamka vizuri herufi za mwanzo za maneno. Wako wanaosema sauti hiyo ni ndogo. Nami nakubali kwamba anayeizoea selo ya Mrusi Rostropovich, inayojaza chumba hadi dari, atamwona Gendron kama mtu anayezungumza kwa sauti ya chini. Lakini anayezungumza kwa sauti ya chini naye husikika, mradi waliomzunguka wananyamaza. Ala aliyoipiga kwa miaka mingi ilitengenezwa na Antonio Stradivari mwaka 1693, na mpaka leo inaitwa kwa jina la Gendron ingawa imeshapita mikononi mwa wengine, akiwemo mpiga selo wa Ujerumani Maria Kliegel.

Sasa niseme juu ya uongozi wa okestra, nilipitie upesi kwa sababu habari zake si nyingi. Alijifunza kwa Roger Désormière, Hermann Scherchen na Willem Mengelberg, watu watatu wasiofanana hata kidogo. Désormière alikuwa mtu wa uwazi, ambaye mwaka 1941, Paris ikiwa imekaliwa, alirekodi opera ya Debussy ya Pelléas et Mélisande kwa namna ambayo wengi bado hawajaona ya kuishinda. Scherchen alikuwa mpiganiaji wa muziki mpya. Mengelberg alikuwa bwana wa mtindo wa zamani, anayevuta na kulegeza mwendo apendavyo. Kutoka mwaka 1971 hadi 1973 Gendron alikuwa miongoni mwa viongozi wa Bournemouth Sinfonietta, okestra ndogo ya kusini mwa Uingereza, na hicho ndicho cheo cha uongozi kinachotajwa zaidi katika maisha yake. Muda mwingi uliobaki ulikwenda kwenye ufundishaji: Saarbrücken nchini Ujerumani tangu 1953, kisha Conservatoire ya Paris tangu 1970, na pia shule ya mpiga fidla Yehudi Menuhin iliyoko Surrey, Uingereza. Alifariki tarehe 20 Agosti 1990 huko Grez-sur-Loing, kijiji kilichoko kusini mwa Fontainebleau, miezi minne kabla ya Tortelier.

Turudi kwenye sanduku lako, tuanze na ile iliyokutatiza, santuri ya Casals. Inachekesha kidogo kwamba kamusi inamwita Gendron kiongozi, na santuri inamwonyesha ameketi na selo yake huku mpiga selo mashuhuri kuliko wote wa karne ile akiwa amesimama mbele ya okestra na kijiti mkononi. Ilirekodiwa mwaka 1960 kwa kampuni ya Philips, okestra ikiwa ile ya Lamoureux ya Paris, na Casals alikuwa na umri wa miaka 83. Mzee huyo alizirekodi koncheto za watu wengine akiwa mpigaji, lakini kumwongozea mpiga selo mwingine mbele ya vinasasauti lilikuwa jambo la nadra sana kwake, na kila aliyeinunua santuri ile alielewa kwamba hiyo ilikuwa ni dhamana.

Lakini thamani ya santuri hiyo, kwa mtazamo wangu, haiko kwa Casals. Iko upande wa Boccherini. Kwa zaidi ya nusu karne wapiga selo wote, Casals akiwa mmoja wao, walikuwa wakipiga koncheto maarufu ya Boccherini katika sura aliyoitengeneza Friedrich Grützmacher, mpiga selo wa Dresden, mwaka 1895. Grützmacher hakuisahihisha tu. Aliikata, akaichanganya na vipande vya koncheto nyingine za mtunzi huyo huyo, akaongeza ala katika okestra, na sehemu ya katikati, ile ya polepole inayopendwa sana, aliitoa yote katika koncheto nyingine kabisa. Ni kama mtu achukue utenzi wa zamani, aondoe beti zisizompendeza, atie ndani beti za utenzi mwingine wa mshairi yule yule, kisha watu wausome hivyo kwa miaka sitini wakidhani ndio asili. Gendron aliupata mswada wa mkono katika maktaba ya Dresden, akauhariri, akaupiga na kuurekodi kama alivyouacha Boccherini. Okestra ikarudi kuwa ndogo, na selo ikawa inazungumza na fidla mbili tatu badala ya kupigana na jeshi zima.

Hapa ndipo ninapoanza kuona kiongozi wa okestra ndani ya mpiga selo. Mpigaji wa kawaida huangalia mstari wake mwenyewe tu, na sura ya Grützmacher inampa mstari mtamu, kwa hiyo hana sababu ya kulalamika. Anayelalamika ni yule anayesoma ukurasa wote, kutoka mstari wa juu hadi wa chini, akajiuliza kwa nini pembe hizi ziko hapa na ni nani aliyeziweka. Haydn naye alipatwa na mkasa wa namna hiyo, maana koncheto yake ya ufunguo wa Re ilipigwa kwa muda mrefu kwa okestra iliyonenepeshwa na Gevaert, mpaka mswada wa mtunzi ulipoonekana tena Vienna mwanzoni mwa miaka ya 1950. Koncheto yake nyingine, ya ufunguo wa Do, ilikuwa bado imepotea wakati Gendron na Casals wanarekodi. Iligunduliwa Prague mwaka uliofuata, 1961, na Gendron aliirekodi baadaye chini ya uongozi wa Raymond Leppard.

Pamoja na hayo, usianze na santuri hiyo. Anza na ile ya Schubert na piano, ambayo ni muziki wa chemba.

Muziki wa chemba, kwa asiyeuzoea, ni muziki uliotungwa kwa watu wachache, wawili mpaka wanane hivi, ambapo kila mmoja ana mstari wake peke yake na hakuna anayesimama mbele kuwaongoza. Jambo hilo la mwisho ndilo la msingi. Katika okestra kosa la mtu mmoja humezwa na wenzake kumi, na mwendo hutoka kwenye kijiti; katika chemba mwendo hutoka kwenye pumzi ya jirani, na anayeshindwa kusikiliza hufichuka mara moja. Kwa msomaji wa pwani huenda mfano ulio karibu ni taarabu ya Unguja. Mwenye kuzikumbuka okestra za Ikhwani Safaa au Culture Musical Club anajua kwamba selo haiko ngeni kwetu, ila pale kazi yake kubwa ni kushika mstari wa chini na kuufuata wimbo pamoja na fidla na ganuni. Kwa Schubert, selo ndiye mwimbaji mwenyewe.

Utungo ulioko katika santuri yako unaitwa sonata ya Arpeggione, namba D 821 katika orodha ya kazi za Schubert, nao haukutungiwa selo. Mwaka 1823 fundi wa Vienna, Johann Georg Stauffer, alitengeneza ala ya ajabu: ilikuwa na nyuzi sita zilizofungwa kama za gitaa, na mistari ya chuma shingoni kama ya gitaa, lakini ilishikwa kati ya magoti na kupigwa kwa upinde. Schubert aliitungia sonata mwaka 1824. Ala ikafa baada ya miaka michache, na sonata ilipochapishwa mwaka 1871 hakukuwa na wa kuipiga, ikarithiwa na selo. Urithi huo una gharama. Arpeggione ilikuwa na uzi wa juu ambao selo haina, kwa hiyo mpiga selo analazimika kupanda juu kabisa shingoni, karibu na mwisho wa ubao, mahali ambapo vidole hubanana na sauti hupenda kukwaruza. Wapigaji wengi wazuri husikika wakihangaika hapo. Gendron hasikiki, na ule upinde mwepesi niliousema ndio unaomwokoa. Mwenye mkono mzito hawezi kupita kule bila kuacha alama.

Anayempigia piano ni Jean Françaix, na nakuomba umsikilize huyu kwa makini sawa na unavyomsikiliza Gendron. Françaix, aliyezaliwa Le Mans mwaka 1912, hakuwa mpiga piano wa kukodiwa; alikuwa mtunzi, na mtunzi anapopiga kazi ya mtunzi mwingine huonyesha viungo vyake. Mwanzoni kabisa mwa sonata piano iko peke yake kwa muda mfupi, inauweka wimbo mezani, kisha selo inauchukua. Angalia kwamba Gendron haurudii vile vile alivyopewa. Anaurefusha kidogo mwishoni, na Françaix, ambaye kwa wakati huo ana noti za kujaza tu, anamsubiri kwa kadiri ile ile, si zaidi. Hicho ndicho nilichokuwa nakimaanisha niliposema uongozi unasikika hapa: wawili hawa wanaongozana bila mtu kuinua mkono. Walirekodi pamoja pia sonata ya selo ya Debussy ya mwaka 1915, moja ya tatu alizozikamilisha kati ya sita alizozipanga kabla ya kifo chake mwaka 1918. Ni utungo wa dakika kumi na moja hivi, na ukiwahi kuiona santuri hiyo sokoni au kwa rafiki, usiiache.

Kuhusu trio, yaani muziki wa ala tatu, historia yake inaanzia milimani Uswisi. Mwaka 1957 Yehudi Menuhin aliombwa na wenyeji wa Gstaad awaandalie matamasha kwa ajili ya wageni wa majira ya joto, naye akayafanya mwezi Agosti katika kanisa la kijiji jirani cha Saanen. Walioshiriki walikuwa wachache: Menuhin mwenyewe, mtunzi Benjamin Britten, mwimbaji Peter Pears, na Maurice Gendron. Tamasha hilo lipo mpaka leo. Kutoka kwenye urafiki huo ilikua trio ya Menuhin, dada yake Hephzibah kwenye piano, na Gendron, iliyodumu takriban robo karne na kurekodi kwa kampuni ya EMI trio zote mbili kubwa za Schubert, trio za Beethoven zikiwemo ile ya Archduke na ile iitwayo Zimwi, na trio ya Tchaikovsky aliyoitunga kumkumbuka Nikolai Rubinstein.

Sitakuficha udhaifu wake. Kufikia miaka ya 1960 mkono wa upinde wa Menuhin haukuwa tena ule wa ujana wake. Mara kwa mara noti ndefu hutetemeka pale inapopaswa kutulia, na anayetafuta fidla isiyo na doa atafute kwingine. Lakini Hephzibah, ambaye magazeti mengi yalimtaja kama dada tu, ana mguso wa piano ulio safi usiofunika nyuzi, na hilo ni jambo gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu piano kubwa ya kisasa inaweza kuzizamisha fidla na selo kwa pamoja bila kutoka jasho. Naye Gendron anakaa katikati yao kama mwenye nyumba. Fidla inapoyumba, selo chini yake haiyumbi. Inashika mwendo na kumpa Menuhin mahali pa kurudi.

Yako, kama nilivyoelewa kutokana na namba uliyoniandikia, ni D 929, ya mwaka 1827. Schubert aliipigisha katika tamasha la kazi zake lililofanyika Vienna tarehe 26 Machi 1828, tamasha pekee la aina hiyo aliloliona maishani mwake, na mwezi Novemba mwaka huo alifariki akiwa na miaka 31. Sehemu ya pili ndiyo watu wanayoijua. Piano inaanza mwendo wa hatua, kama watu wanaotembea polepole njiani, kisha selo inaingia na wimbo, peke yake, fidla ikiwa kimya. Wapigaji wengi huulilia wimbo huo tangu noti ya kwanza. Gendron anauanza karibu kwa ukavu, mtetemo wa kidole ukiwa mdogo, kana kwamba anatoa taarifa, na anaanza kuupasha moto pale tu unaporudi mara nyingine. Kuna kipindi niliuona upigaji huo kuwa baridi mno. Siku hizi naona wengine ndio wanaotumia akiba yote mlangoni.

Santuri za Bach nitazisema kwa ufupi, kwa kuwa hazihusu chemba na zimeandikwa sana. Alizirekodi zile seti sita za selo peke yake kwa Philips mwaka 1964. Bach wake ni mwepesi na mwenye mdundo wa dansi, tofauti na Bach wa Casals aliye kama sala, na wakusanyaji huzitafuta mno chapa za kwanza. Ikiwa zako ni za chapa hiyo, mtu asije akakudanganya akakupa bei ya santuri za mnadani. Philips ya wakati huo ilitumia namba zinazoanza na 835 kwa chapa za stereo, na namba zinazoanza na herufi A na tarakimu, zikaishia na herufi L, kwa chapa za mono. Tazama lebo ya katikati, si jalada peke yake, kwa maana majalada huhamishwa.

Tofauti hiyo ya mono na stereo inagusa pia jinsi ya kuzicheza. Santuri za mono za mizunguko 33 kwa dakika zilikatwa kwa ajili ya sindano yenye ncha ya nusu kipenyo cha mikroni 25 hivi, na za stereo kwa ncha ya mikroni 18. Sindano ya kisasa ya stereo hucheza zote mbili bila madhara. Sindano ya zamani ya mono, hasa ile ngumu ya gramafoni za mabegi, isikaribie santuri ya stereo hata mara moja, kwa sababu haina uwezo wa kusogea juu na chini na itachimba mifuo. Na kama katika sanduku la ami yako zimo zile za mizunguko 78, hizo zina mifuo mipana zaidi na zinahitaji sindano yake ya pekee.

Kabla ya kucheza, zioshe. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, na ukungu hupenda jalada la karatasi, kisha huhamia kwenye mifuo na kusikika kama mafuta yanayokaangwa. Tumia maji yaliyokenekwa na tone dogo la sabuni ya maji isiyo na manukato, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mifuo bila kuikata; suuza kwa maji safi yale yale, na uziache zikauke zikiwa zimesimama kivulini. Spiriti iliyochanganywa na maji haidhuru santuri za plastiki, lakini usiiguse na zile za 78, kwani zimetengenezwa kwa shelaki na spiriti huiyeyusha shelaki. Zihifadhi zikiwa wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Nimewahi kupoteza santuri nzuri kwa joto la dirisha moja, ikapinda kama chapati iliyoachwa juu ya kikaango.

Jambo la mwisho la kifundi linahusu trio moja kwa moja. Santuri inazunguka kwa kasi ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mzingo wa nje ni mrefu kuliko wa ndani: pembeni sindano inapitiwa na mfuo wa sentimita 51 hivi kwa sekunde, na karibu na lebo inapata sentimita 21 tu. Kwa hiyo sauti hubanwa na kuchafuka kadiri sindano inavyokaribia katikati, na kwa kawaida sehemu ya pili ya D 929 ndiyo inayomalizia upande wa kwanza. Ukisikia selo ikikwaruza mwishoni mwa ule wimbo, usimlaumu Gendron na usidhani santuri imekufa. Hakikisha kwanza sindano ni mpya na mkono umesawazishwa kwa uzito ambao mtengenezaji wa sindano ameuandika. Uzito mdogo kupita kiasi huharibu zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sindano hurukaruka na kugonga kuta za mfuo.

Cheza basi Arpeggione kwanza, mara mbili au tatu kwa siku tofauti, hadi uanze kumsikia Françaix bila kumtafuta. Kisha trio. Baada ya upande wa kwanza geuza santuri usiku ule ule, kwa sababu sehemu ya nne ni ndefu, ina uchangamfu unaokaribia kuchosha, na katikati yake, wakati umeshausahau, ule wimbo wa polepole wa selo unarudi.